Fundi wa Majengo Anajibu: Meno ya Spoketi, Mzigo na Mlima wa Feri

Toleo lililopita niliandika mstari mmoja tu: kabla ya kununua spoketi mpya, yaani lile gurudumu la meno linaloshika cheni, hesabu meno ya ile ya zamani. Sikujua kama mstari huo ungeniletea barua nyingi kiasi hiki. Wengine wanataka spidi, wengine nguvu za kupanda mlima, wengine petroli idumu. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu yaliyomo ndiyo msingi wa zile nyingine.

SWALI: Fundi, salaam. Mimi ni mwendeshaji wa boda, steji yangu iko Mtongwe. Pikipiki yangu ni ya cc 150, gia tano. Ilikuwa na meno 14 mbele na 42 nyuma. Muuza spea mmoja aliniambia nifunge 16 mbele nipate spidi. Nikafunga. Ni kweli injini imetulia, hainipigii kelele nikienda Ukunda. Lakini gia ya tano imekufa. Upepo wa mbele kidogo tu, inabidi nirudi ya nne. Zamani mshale ulikuwa ukifika 84 au 85, sasa 80 kwa shida. Nikitoka feri ya Likoni na abiria mwenye mzigo, nasikia harufu ya klachi. Je, injini imechoka? – *Mwendeshaji wa boda, Mtongwe*

JIBU: Kaka, injini yako haijachoka. Imefungiwa meno yasiyo ya kazi yake.

Tuanze na baiskeli. Mimi mwenyewe nilianza ufundi kwa baiskeli, chini ya mwarobaini pale Mwembe Tayari, Mombasa, na hata boda boda zenyewe zilianza kwa baiskeli kule mpakani Busia. Mpaka leo kijana akija gerejini kujifunza kazi, siku ya kwanza simpi spana. Nampindulia baiskeli, kiti chini magurudumu juu, namwambia azungushe pedali mara moja aone gurudumu limekwenda mara ngapi. Kwenye baiskeli spoketi kubwa iko kwenye pedali na ndogo iko nyuma, kwa sababu miguu ya mtu ni mizito na ya polepole, kwa hivyo mwendo lazima uzidishwe. Kwenye pikipiki mambo yamegeuka. Injini inazunguka maelfu ya mara kwa dakika, na nguvu yake kwa kila mzunguko ni ndogo. Kwa hivyo ndogo imewekwa mbele na kubwa nyuma ili mwendo upunguzwe na msukumo uongezeke.

Spoketi yako ya zamani ya mbele, ikizunguka mara moja, ilikuwa ikivuta viungo 14 vya cheni, kimoja kwa kila jino. Ya nyuma inahitaji viungo 42 ili izunguke mara moja. Basi ya mbele ilizunguka mara 3 ndipo gurudumu likamaliza mzunguko mmoja. 42 gawanya kwa 14, unapata 3. Ukifunga 16, unapata 2.625. Kila gurudumu likizunguka, injini inazunguka mara pungufu kuliko ilivyozoea. Ndiyo maana umesikia utulivu.

Sasa nataka uone kwa hesabu, maana wengi wanazungumza spidi kwa mdomo tu. Wiki iliyopita kulikuwa na pikipiki gerejini ya aina kama yako, 14 kwa 42. Tuliisimamisha kwenye stendi kubwa, tukatoa plagi ili injini isibane hewa, tukaingiza gia ya tano. Upande wa kushoto wa injini, kwenye kifuniko, kuna kizibo kidogo. Ukikifungua unaiona nati ya kranki, ile shafti inayozungushwa na pistoni. Mwanafunzi wangu alikuwa amekuja na rangi ya kucha ya dadake, akaitia doa jekundu ile nati. Mimi nikachora mstari wa chaki kwenye tairi la nyuma, nikalizungusha kwa mkono, polepole, mara 10 kamili. Yeye amechuchumaa na kurunzi, anahesabu doa likipita. Alifika 96. Maana yake gurudumu mara 1, injini mara 9.6. Humo ndani mna gia zote kuanzia kranki mpaka spoketi ya nyuma.

Halafu tukapima tairi. Lilikuwa la 3.00-17, upepo kamili. Mtu akakaa juu kama anavyokaa barabarani, tukaisukuma pikipiki mpaka alama ya chaki iliyokuwa chini irudi chini tena, tukavuta futi kamba sakafuni: mita 1 na sentimita 80.

Chukua mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Hiyo ni mita 1,000 kila dakika. Gawanya kwa 1.80, gurudumu linazunguka mara 555 na ushei. Zidisha kwa 9.6: injini inazunguka mara 5,333 kwa dakika. Ukifunga 16 mbele, ile 9.6 inashuka kuwa 8.4, na kwa mwendo ule ule wa 60 injini inazunguka mara 4,667. Umeipunguzia injini mizunguko zaidi ya 600 kila dakika. Hiyo ndiyo raha ya njia ya Ukunda.

Lakini cheni haitoi kitu bure. Ulichopunguza kwenye mizunguko umekipunguza pia kwenye msukumo wa tairi. Kutoka 14 kwenda 16, tairi linasukuma barabara kwa nguvu pungufu kwa asilimia 12.5, katika kila gia, kuanzia ya kwanza mpaka ya tano. Ni kama mtu amekuongezea mzigo ambao hukuulipisha.

Na kwa nini spidi ya juu imeshuka, ilhali uliambiwa itapanda? Injini ya namna hii hutoa nguvu zake kamili ikiwa juu. Tuseme ni mizunguko 7,500. Kwa meno 14, ikiwa kwenye 7,500 katika gia ya tano, unakwenda 84. Ndiyo spidi uliyoizoea, tena mshale wako ulisema kweli. Kwa meno 16, ili injini ifike 7,500 hiyo hiyo, ni lazima uwe unakwenda 96. Sasa upepo ndio unaokukatalia. Ukizidisha mwendo mara mbili, upepo unakusukuma kifuani mara nne, na nguvu ya kuushinda ni mara nane. Kutoka 84 kwenda 96 unahitaji nguvu zaidi kwa karibu nusu ya ulizokuwa nazo. Pistoni ni ile ile, kabureta ni ile ile, hizo nguvu zitoke wapi? Kwa hivyo injini haifiki 7,500. Inakwama chini, mahali ambapo nguvu zake bado hazijakomaa, nawe unabaki 80. Ukirudi gia ya nne inapumua, kwa sababu umeipa tena mizunguko inayoitaka.

Hili la feri linanigusa zaidi, na nitasema kwa nini.

Miaka mingi nyuma mdogo wangu alikuwa akibeba nazi kutoka upande wa Diani kuzileta Kongowea. Mimi ndiye niliyemfungia spoketi kubwa mbele, kwa sababu njia ile ni tambarare na alitaka kuwahi soko alfajiri. Kwa siku kadhaa alikuwa akinishukuru. Halafu ikaja bamvua. Wenyeji wa Likoni mnajua: wakati wa bamvua maji ya kivuko hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na yakiwa yamekupwa sawasawa, feri inakuwa chini na njia ya kutokea inakuwa mlima. Watu wa miguu wako mbele yako, mikokoteni iko ubavuni, huwezi kupanda kwa kasi. Lazima upande pole, gia ya kwanza, klachi nusu. Kwa spoketi ile, gia ya kwanza ilikuwa ndefu mno, yaani ya kasi mno, kwa mwendo wa watu wa miguu. Akashika klachi, akazidisha mafuta, akashika tena. Katikati ya mlima sahani za klachi zikateleza kabisa, pikipiki ikaanza kurudi nyuma na magunia mawili. Aliiegemeza ubavuni isiwaparamie watu nyuma yake. Gunia moja likapasuka, nazi zikabingirika mpaka majini. Hakuumia mtu, alhamdulillahi. Lakini alipoteza mzigo wa watu na siku nne za kazi akisubiri klachi, na mimi sikuweza kumtazama usoni. Tangu siku hiyo simfungii mtu spoketi kabla sijamuuliza anabeba nini na anapita wapi.

Rudi kwenye 14, kaka. Kama siku zako nyingi ni Ukunda na mzigo ni mwepesi, jaribu 15. Hapo msukumo unapungua chini ya asilimia 7, na kwa 60 injini inakaa karibu 4,980. Ila kwa mtu wa Mtongwe anayevuka Likoni kila siku na mizigo, mimi naona 14 ndiyo yako. Na usiishie hapo. Pikipiki yako klachi inaogelea katika oili ile ile ya injini. Sahani zikiungua, unga wake unazunguka na oili mpaka kwenye kranki. Mwaga oili leo, inuse, itazame ukiiweka kwenye karatasi nyeupe. Ikiwa nyeusi yenye harufu ya kuungua, weka mpya, na mwambie fundi wako afungue apime unene wa sahani.

SWALI: Assalaam alaikum Fundi. Nabeba mahindi na mitungi ya maji kutoka Kombani kupandisha Kwale mjini. Mlima unanishinda nikiwa nimejaza. Wengine wanasema nipunguze mbele niweke 13, wengine wanasema niongeze nyuma niweke 45. Ipi ina nguvu zaidi? Yangu ni 14 kwa 42. – *Mbeba mizigo, Kwale*

JIBU: Waalaikum salaam. Kwa nguvu, hizo mbili ni kama pacha. 42 kwa 13 ni 3.23. 45 kwa 14 ni 3.21. Jino moja mbele ni sawa na meno matatu nyuma kwa pikipiki kama yako, na watu wengi hawalijui hilo. Wanadhani jino ni jino. Kwa vyovyote utapata msukumo zaidi wa asilimia 7 mpaka karibu 8. Kwenye mlima ule wa Kwale, asilimia hizo ndizo zinazokuwezesha kubaki gia ya pili badala ya kuangukia ya kwanza kila kona.

Tofauti iko kwenye cheni. Spoketi ndogo inaikunja cheni zaidi. Kila kiungo kikipanda kwenye meno 14 kinakunjwa nyuzi karibu 26, kwenye 13 kinakunjwa karibu 28, na kinakunjwa hivyo mara mia hivi kila dakika kikiwa kimebeba mzigo wote. Pini zinalika upesi. Tena ile duara ikiwa ndogo, cheni inashuka karibu na mkono wa nyuma, ule unaoshika gurudumu, na kuanza kusugua ile raba ya kinga. Itazame raba hiyo kila juma. Ikikatika, cheni inakula chuma.

Kwa upande mwingine, 13 ni kipande kidogo, bei yake ni ndogo, na unaibadilisha kwa dakika chache. Meno matatu nyuma yanakula cheni: gurudumu litasogea mbele karibu milimita 10 ili cheni itoshe. Kama alama za kurekebishia ziko mwanzo kabisa, yaani gurudumu limekwishakaa mbele, cheni yako haitafika na itabidi ununue ndefu zaidi. Kwa jino moja la mbele, gurudumu linasogea milimita 3 tu, safari hii kwenda nyuma.

Ningekuwa wewe, ningefunga 13 kwa wiki mbili kama majaribio. Nikiona mlima umekubali, basi siku seti ya spoketi na cheni ikiisha ningenunua 14 kwa 45 na cheni ya urefu wake, nikae nayo.

Na nikuombe jambo moja. Ukiteremsha mzigo Kwale na kurudi mtupu, usiikimbize pikipiki hiyo barabara kuu ya Ukunda kama ulivyozoea. Ukiwa na 45 nyuma, kwa mwendo wa 80 injini inazunguka zaidi ya mara 7,600. Zamani ilikuwa 7,100. Mkono wako hautahisi tofauti, ila pistoni itaihisi. Pia ukishuka mlima usiweke nyutro. Weka gia uliyopandia. Meno hayo yaliyokusaidia kupanda ndiyo yatakayokushika kushuka, na breki hazitachemka.

SWALI: Fundi, mimi ni mama wa watoto wawili, napeleka mikate na mahamri kwa pikipiki asubuhi kutoka Kisauni kwenda maduka ya Nyali, Bamburi mpaka Shanzu. Mzigo ni mwepesi lakini ni mkubwa, kreti mbili nyuma. Nimesikia nikiweka meno 15 mbele nitaokoa petroli. Ni kweli? – *Mpeleka mikate, Kisauni*

JIBU: Dada yangu, kwanza hongera kwa kazi. Jibu ni kwamba inategemea ni wakati gani unakuwa gia ya mwisho.

Petroli inaokolewa na meno mengi mbele pale tu unapokwenda mwendo mmoja kwa muda mrefu, gia ya juu, bila kusimama. Injini inazunguka kidogo, inajisugua kidogo, inakunywa kidogo. Kutoka Bamburi mpaka Shanzu alfajiri, barabara iko wazi, utaona faida. Lakini asubuhi yako nyingi ni kusimama duka kwa duka. Kila ukiondoka, gia ya kwanza ikiwa ndefu unashika klachi zaidi na kuzidisha mafuta ili uanze. Kile ulichookoa Shanzu unakiacha Nyali. Mjini mwendo wa kisheria ni 50, na kwa 14 kwa 42 hapo injini inazunguka mara 4,400 na kidogo, ambayo haiidhuru hata kidogo.

Kuna na hizo kreti. Zimesimama juu kuliko mgongo wako, na upepo hauangalii uzito, unaangalia upana. Wakati wa kusi, ukiwa unaelekea mjini, ni kama umebeba mlango. Spoketi kubwa ikikutana na upepo wa namna hiyo utajikuta unarudi gia ya nne, na hapo hesabu ya petroli imekwisha.

Fanya hivi kabla ya kutoa pesa. Jaza tangi mpaka shingoni kwenye pampu moja, endesha kazi yako ya kawaida kilomita 200, rudi pampu ile ile ujaze mpaka shingoni tena. Andika lita. Wiki inayofuata weka upepo sawasawa kwenye matairi yote mawili, inua gurudumu la nyuma ulizungushe kwa mkono. Likisimama upesi, breki inashika au cheni imekazwa mno. Rekebisha, kisha pima tena kilomita 200. Nimeona pikipiki nyingi zikipungua ulaji kwa kulegeza breki tu. Baada ya hapo, kama bado unataka, azima 15 kwa mtu na upime mara ya tatu. Kalamu yako itakwambia kweli kuliko mimi au muuza spea.

SWALI: Nilibadilisha kutoka 14 kwenda 15, spidomita yangu haikubadilika. Rafiki yangu mwenye pikipiki nyingine alifanya vile vile, yake sasa inasema uongo. Kwa nini? – *Kijana wa Bombolulu*

JIBU: Fuata waya. Pikipiki nyingi za boda zina waya wa spidomita unaotoka gurudumu la mbele. Gurudumu hilo halijui habari za cheni, kwa hivyo mshale unasema kweli hata ukifunga meno mangapi. Ya rafiki yako inapima kwenye gia, kabla ya spoketi ya nyuma. Mita inadhani bado kuna 14. Ikimwonyesha 50, yeye anakwenda karibu 54. Mwambie alikumbuke hilo hasa mahali penye watoto na watembea kwa miguu. Kilomita zake za kubadilishia oili nazo zitasoma pungufu.

Na wewe unayetaka kubadilisha tairi la nyuma uweke nene na refu, kama ulivyogusia mwisho wa barua yako, jua kwamba hilo ni sawa na kuongeza meno mbele. Tairi likirefuka mzingo kwa asilimia 5, kila mzunguko unakwenda mbali kwa asilimia 5, na msukumo unapungua karibu kiasi kile kile. Ukifanya yote mawili kwa pamoja, 15 na tairi refu, utarudi kwangu na malalamiko ya ndugu yetu wa Mtongwe.

SWALI: Fundi, nilifunga spoketi mpya ya mbele peke yake, ya nyuma na cheni nikaacha kwa kuwa pesa hazikutosha. Sasa inalia *krr krr* na baada ya mwezi meno ya mbele yamechongoka kama ya papa. Nilipunjwa spea? Naishi karibu na bahari, Mkomani. – *Msomaji, Mkomani*

JIBU: Inawezekana spea ilikuwa hafifu, lakini sidhani kama ndiyo sababu kubwa. Cheni yako ya zamani imerefuka. Si kwamba chuma kimevutika; kila pini imelika kidogo ndani ya tundu lake, na kidogo mara viungo mia na zaidi kinakuwa kingi. Cheni iliyorefuka haikai kwenye shina la meno mapya, inapanda kuelekea ncha, na mzigo wote unabebwa na jino moja au mawili badala ya kugawanywa. Ndiyo sauti hiyo. Jino jipya linachongwa na cheni ya zamani kama kisu kwenye jiwe.

Kuna kipimo kisichodanganya. Cheni za boda nyingi ni namba 428, na kutoka pini moja hadi inayofuata ni milimita 12.7. Ikaze cheni kwa mkono, weka futi kamba katikati ya pini ya kwanza, hesabu mpaka pini ya 21. Ikiwa mpya utasoma milimita 254. Ikifika 259, imekwisha, hata kama inang'aa. Kama huna futi kamba, shika cheni pale nyuma kabisa ya spoketi kubwa uivute kuelekea kwako. Ukiona zaidi ya nusu ya jino, ni hivyo hivyo.

Mkomani chumvi ya bahari iko hewani usiku na mchana, na mchanga uko kila kona. Naona watu wakimwaga oili chafu ya injini kwenye cheni kila asubuhi. Oili hiyo inashika mchanga, na mchanga na oili ni msasa. Osha cheni kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani kila Ijumaa, ifute ikauke kabisa, kisha tia oili nzito ya gia kwa ndani, upande unaogusa meno, tone kwa tone ukizungusha gurudumu. Fanya jioni baada ya kazi, cheni ikiwa na joto, ili oili ipenye usiku kucha, halafu asubuhi futa inayong'aa juu. Iache ilegee milimita 20 mpaka 30 katikati, ukiwa umeipima mahali pake pa kukaza zaidi, maana cheni kuukuu hailingani kila upande.

Kuhusu pesa: usinunue spoketi nyingine ya mbele sasa. Endelea na hiyo pole pole, bila mzigo mzito, huku ukiweka akiba ya seti nzima, yaani mbele, nyuma na cheni kwa siku moja. Ukifika dukani hesabu meno mwenyewe kwa kidole, tia alama ya chaki kwenye jino la kuanzia, na usilipe mpaka namba ilingane na ile uliyoandika nyumbani. Ukishindwa kuhesabu hizo zilizochongoka, zilete Majengo asubuhi kabla sijaanza kazi, tutazihesabu pamoja.